Kutoka pumba hadi tofali: jinsi ya kuyafanya majivu ya mpunga yashike kama saruji

Wengi wanaotaka kujengea mabaki ya shambani huanza kwa kutafuta mashine ya kufyatulia tofali. Mashine ni mwisho wa safari. Tofali hufaulu au huharibika siku ile unapochoma pumba, kabla hujagusa udongo wala kununua chokaa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu moto.

Kwa nini pumba za mpunga na si mabua ya mahindi au majani ya maharage? Mpunga hufyonza silika, kitu kilekile kinachofanya mchanga, kutoka ardhini na kuilundika kwenye ganda la punje. Pumba zikichomwa vizuri, majivu yake huwa na silika kiasi cha asilimia 85 hadi 95. Mazao mengine yana silika pia, lakini kidogo zaidi, na majivu yake huja na potasiamu nyingi na chumvichumvi nyingine zinazoharibu kazi. Majivu ya makapi ya miwa yanaweza kufaa, ila hutofautiana sana kutoka tanuri moja hadi jingine, kwa hiyo yajaribu kabla ya kuyaamini.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua pumba. Mabua na majani yana kazi shambani: hufunika udongo, huoza yakawa mbolea, hulisha mifugo. Ukiyazoa yote kwenda kujengea nyumba, unalikopa shamba bila kulirudishia. Pumba za mpunga mifugo haizipendi, haziozi upesi, na kwenye vinu hurundikana hadi zikawa kero.

Kinachotokea ndani ya majivu

Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji ikawa unga, ikikutana na silika penye maji, vitu hivyo viwili huungana taratibu na kuzaa kitu kinachoshika, cha jamii ileile inayoifanya saruji igande. Mada yenye tabia hiyo huitwa pozolana, jina lililotokana na mji wa Pozzuoli nchini Italia, ambako Warumi walichimba majivu ya volkano na kuyachanganya na chokaa.

Sasa, mchanga nao ni silika. Mbona mchanga na chokaa havigandi hivyo? Kwa sababu silika ya mchanga imejipanga katika fuwele, imefungamana, haina nafasi ya kuungana na kitu kingine. Silika iliyomo kwenye pumba haijajipanga. Ukiichoma kwa moto wa wastani hubaki hivyo, ikiwa tayari kufanya kazi. Moto ukizidi, takriban kuanzia nyuzijoto 700 na kuendelea, na hasa ukikaa muda mrefu, huanza kujipanga kuwa fuwele. Kwa lugha nyepesi, unakuwa umetumia kuni na siku nzima kutengeneza mchanga. Tena mchanga wa hatari, maana vumbi la silika ya fuwele huharibu mapafu na husababisha saratani.

Moto ukiwa mdogo mno, kaboni haiungui, majivu yanatoka meusi na kunywa maji kama sponji. Kwa hiyo unachokitafuta ni moto wa katikati, unaopumua vizuri na usioharakishwa.

Piga hesabu kwanza

Kilo 1,000 za mpunga hutoa pumba kiasi cha kilo 200. Pumba hizo zikiungua, unabaki na majivu ya kilo 40 hivi. Kwa vipimo nitakavyovitoa chini, majivu hayo yanatosha tofali kama 55 za kilo 7 kila moja. Si nyingi! Ukuta wa nyumba ndogo unakula maelfu.

Hesabu hiyo inapaswa kubadilisha namna unavyofikiria kazi yote. Majivu ni kitu cha thamani, cha kuwekwa mahali maji yanapofika: mistari ya chini ya ukuta inayorushiwa matone ya mvua, chini ya madirisha, pembe za nje, na lipu ya upande unaopigwa na mvua. Ukuta uliobaki, ulio juu na wenye paa lililochomoza vizuri, unaweza kujengwa kwa tofali mbichi za udongo na mabua. Nimeona watu wakijaribu kutia majivu kila mahali, yakawaishia kabla ukuta haujafika kiunoni, kisha wakamalizia kwa saruji tupu.

Hatua ya 1: Tengeneza kikapu cha kuchomea

Ukilundika pumba chini na kuziwasha, juu zitaungua kwa kasi na katikati zitafuka moshi siku mbili zikiwa nyeusi. Hewa haipenyi. Dawa yake ni kikapu cha wavu.

Chukua wavu wa chuma wenye matundu madogo kiasi kwamba pumba hazimwagiki. Uviringishe upate pipa lisilo na mfuniko, upana wa mita moja au pungufu, kimo cha mita moja hivi. Katikati simamisha bomba la wavu uleule, upana wa sentimita 15 hadi 20, kutoka chini hadi juu. Hilo ndilo bomba la kupumulia. Inua kikapu juu ya mawe au matofali ili hewa iingie chini, na tandika bati kukinga majivu yanayodondoka.

Pumba ziwe kavu. Jaza nafasi kati ya ukuta wa nje na bomba la kati bila kushindilia hata kidogo. Washa kwa makaa machache chini ya bomba la kati, kisha acha. Moto utatembea wenyewe kutoka ndani kwenda nje, bila miali mikubwa. Kikapu cha ukubwa huu huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, na huo ndio mwendo tunaoutaka.

Chomea mbali na nyumba, upande ambao upepo hausukumi moshi kwa watu. Usichomee ndani ya banda hata mvua ikinyesha, kwa sababu moto unaofuka hutoa gesi ya kabonimonoksaidi, yenye sumu na isiyo na harufu. Weka bati la mvua juu, pembeni pabaki wazi.

Hatua ya 2: Pima joto bila kipimajoto

Kipimajoto cha tanuri ni ghali na wengi hawana. Tumia kipande cha waya wa umeme wa alumini. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 660. Weka vipande vifupi ndani ya vikopo vidogo vya chuma, kimoja karibu na bomba la kati, kimoja katikati ya pumba, kimoja ukingoni, kabla hujawasha. Asubuhi vitoe. Waya ukiwa mzima, moto haukuvuka mpaka. Ukikuta tone lililoganda chini ya kikopo, mahali hapo joto lilizidi.

Wakati moto unaendelea, chomeka nondo nyembamba ndani ya pumba kwa dakika chache, ivute na uitazame kivulini au gizani. Ikiwaka wekundu hafifu wa kiza, uko sawa. Ikiwa nyekundu angavu kama kaa la fundi chuma, punguza hewa kwa kuziba sehemu ya chini ya kikapu kwa bati au udongo.

Hatua ya 3: Yamwage yapoe, kisha yasome

Majivu yakishaungua usiyaache yamerundikana yakiwa moto. Ndani ya rundo joto hukaa siku nzima, na fuwele huendelea kujijenga. Yamwage juu ya bati, yatandaze yawe tabaka jembamba. Usiyazime kwa maji. Mvuke utakuunguza, na majivu yaliyolowa utalazimika kuyaanika upya.

Yakipoa, rangi ndiyo shahidi. Kijivu au nyeupe ya kijivujivu ni mazuri. Meusi yana kaboni, yarudishe kwenye kikapu kinachofuata, hayajaharibika. Meupe yenye wekundu wa mbali kama waridi yameungua kupita kiasi. Hayo tenga, yaloweshe ili yasitimue vumbi, uyatumie kujazia chini ya sakafu.

Kila mchomo uupe mfuko wake na alama yake. Utaona umuhimu wake hatua mbili mbele.

Hatua ya 4: Saga mpaka usione punje

Majivu yakitoka kwenye kikapu bado yana umbo la pumba, kama kiota cha nyuki kilichokauka. Yakiwa hivyo hayana maana sana. Chokaa inahitaji kuigusa silika, na mguso unaongezeka kadiri punje inavyokuwa ndogo. Kiwango cha kulenga ni unga laini kama saruji yenyewe. Usugue kati ya vidole viwili. Ukihisi mikwaruzo, endelea.

Kwa kazi ndogo kinu na mchi vinatosha, kisha unachekecha kwa kitambaa chepesi na kurudisha kinachobaki. Kwa kazi kubwa tengeneza pipa la chuma linalolala juu ya magurudumu, ndani weka gololi au vipande vya nondo, lizungushwe kwa mota kwa saa kadhaa. Mashine inayosaga nafaka usiitumie. Silika itakula mawe yake, na chakula kitakachofuata kitakuwa na vumbi hilo.

Hapa ndipo pa kuvaa barakoa inayobana uso, ile ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Hatua ya 5: Jaribio la vidonge, ambalo hupaswi kulikwepa

Pima kwa uzito, si kwa kopo, kwa sababu majivu na chokaa haviko sawa kwa ujazo. Chukua sehemu moja ya chokaa iliyozimwa na sehemu mbili za majivu yaliyosagwa. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, ongeza maji kidogokidogo upate kinyunga kigumu. Finyanga vidonge vitatu kama vifuniko vya chupa, unene wa sentimita mbili. Tengeneza vingine vitatu vya chokaa tupu. Rudia kwa kila mfuko wa majivu.

Vifunge kwenye plastiki pamoja na kitambaa kilicholowa, uviweke mahali pa joto siku saba. Kisha vitumbukize majini.

Kidonge cha chokaa tupu kitalainika au kumeguka, kwa kuwa chokaa hukauka kwa kunywa hewa na ndani ya plastiki hewa haikuwapo. Kidonge cha majivu mazuri kitakaa majini kikiwa kigumu, na ukikikwaruza kwa kucha hakitaacha uji. Kama nacho kinayeyuka, mfuko huo haufai, na hakuna kiasi cha chokaa kitakachouokoa. Tazama ulikuwa mchomo gani, na waya wa alumini ulisema nini.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili, nusu ya vidonge viligeuka tope. Nililaumu chokaa. Kumbe nilikuwa nimeacha rundo lipoe lenyewe kwa siku mbili.

Chokaa inaunguza. Vaa glavu na miwani. Ikiingia jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha nenda kwa daktari.

Hatua ya 6: Ujue udongo wako

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Chimba chini yake. Weka udongo nusu ya chupa inayoonyesha ndani, jaza maji, ongeza chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache imesimama. Mchanga hutua kwanza, ndani ya dakika moja hivi. Tabaka la pili hutua baada ya saa chache. Mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Kwa tofali, mfinyanzi uwe kati ya asilimia 15 na 30, na mchanga uwe zaidi ya nusu.

Mfinyanzi mwingi, tofali litapasuka likikauka. Ongeza mchanga. Mchanga mwingi, halitashikana. Tafuta udongo mwingine wa kuchanganya. Chokaa na majivu hupatana zaidi na udongo wenye mfinyanzi wa kutosha. Udongo wa kichanga mtupu hupendelea saruji.

Hatua ya 7: Kufyatua tofali za chini ya ukuta

Kwa kila kilo 100 za udongo mkavu uliochekechwa, anza na kilo 6 za chokaa na kilo 12 za majivu. Fyatua tofali kumi za majaribio kabla ya kufyatua mia, kwa sababu udongo hutofautiana. Changanya vyote vikiwa vikavu. Maji nyunyiza, usimwage.

Kupima unyevu, shika konzi ya mchanganyiko uibonye iwe tonge, uidondoshe kutoka usawa wa bega kwenye ardhi ngumu. Ikivunjika vipande vinne au vitano, unyevu umefika. Ikitawanyika kama unga, maji hayatoshi. Ikibaki bonge lililobonyea, umezidisha.

Shindilia kwenye mashine ya mkono. Jaza kiasi kilekile kila mara, pima kwa ndoo, vinginevyo kila tofali litakuwa na kimo chake na fundi atakulaani. Tofali likitoka libebe kwa bapa za mikono, ulisimamishe kivulini.

Kinachofuata ndicho watu wengi hukiharibu kwa haraka. Tofali hizi hazikaushwi, hukomazwa. Zifunike kwa turubai au nyasi, zinyunyizie maji kila siku. Pozolana ni mvivu kuliko saruji. Wiki ya kwanza utaona kama hakuna kinachotokea. Zipe siku 28 zikiwa na unyevu ndipo uziache zikauke. Ukizianika juani siku ya pili, maji yatatoka kabla silika na chokaa hazijamaliza mazungumzo yao, na hazitarudi mezani tena.

Hatua ya 8: Tofali za mabua kwa ukuta wa juu

Hapa hakuna moto wala chokaa. Kata mabua makavu ya mpunga au ngano yawe na urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kiasi chake ni kilo moja au mbili kwa kilo 100 za udongo. Loweka udongo, tia mabua, kanyaga kwa miguu, kisha uache mchanganyiko umefunikwa siku kadhaa. Utanuka, na ni sawa. Mabua hulainika na tope huwa la kunatanata zaidi.

Kazi ya mabua si kuongeza nguvu ya kubeba mzigo. Hushikilia tofali lisipasuke linapokauka. Kwa hiyo usizidishe ukidhani unaongeza uimara. Mabua mengi mno hufanya tofali jepesi, linalohifadhi joto vizuri lakini dhaifu. Finyanga kwa kalibu ya mbao, kausha kivulini siku za mwanzo, kisha ligeuze lisimame kwa ubavu. Wiki nne hivi zinatosha, kutegemea hali ya hewa.

Makumbi ya nazi na katani hufanya kazi hiyohiyo. Ukitaka kutumia nyuzi za miwa pamoja na saruji, zioshe kwa maji ya moto kwanza, sukari iliyobaki huzuia saruji kuganda.

Hatua ya 9: Chokaa ya kujengea na lipu

Ile sehemu moja ya chokaa kwa mbili za majivu, ongeza mchanga mara tatu ya jumla ya uzito wake. Itumie siku hiyohiyo, na ukuta uloweshwe kabla ya kupiga lipu. Piga matabaka mawili membamba badala ya moja nene, na uyafunike yasikauke kwa jua.

Kama tayari una saruji na unataka tu kuipunguza, majivu yaliyofaulu jaribio la vidonge yanaweza kuchukua nafasi ya asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa saruji kwenye mchanganyiko wa kuunganishia matofali na kwenye lipu. Majivu hunywa maji, mchanganyiko utaonekana mkavu, nawe utashawishika kuongeza maji. Jizuie, ongeza kidogo sana na ukoroge zaidi. Kwenye nguzo, mihimili na zege la sakafu ya ghorofa usifanye hivyo bila mhandisi na vipimo vya maabara.

Neno moja kuhusu mazingira. Saruji huokwa kwenye nyuzijoto takriban 1,450, na mawe ya chokaa yanapopashwa moto hupoteza asilimia 44 ya uzito wake kama gesi ya kabonidayoksaidi. Lakini chokaa nayo inatoka kwenye mawe yaleyale. Haina usafi wa malaika. Huokwa kwa moto mdogo zaidi na hurudisha sehemu ya gesi hiyo inapokauka, basi. Faida kubwa iko kwenye majivu na kwenye udongo mbichi ambao hukuuchoma kabisa.

Kabla ya kujenga

Chagua tofali tatu za majivu, zitumbukize majini saa 24. Zikitoka zikiwa na kingo zake, na msumari ukichora mstari badala ya kuzama, ziko tayari. Kisha weka tofali kavu juu ya matofali mawili yaliyoachana, likae kama daraja, mtu mzima asimame katikati yake. Likivunjika, punguza udongo au ongeza siku za kukomaza, na ujaribu tena. Tofali zilizofeli hazisagwi zikarudi kwenye mchanganyiko, kwa sababu chokaa yake imeshafanya kazi. Ziponde uzishindilie chini ya sakafu, pamoja na yale majivu ya waridi.